Wanafunzi wanaowasikiliza wenzao: tuwafundishe nini wasije wakalemewa?

Mwalimu wa Ngamiani

Nawasalimu walimu wenzangu, wazazi, na wataalamu wa afya mnaopita hapa.

Mimi ni mwalimu wa unasihi katika shule ya sekondari ya kutwa hapa Tanga mjini. Mwanzoni mwa mwaka huu, baada ya kuona kwamba wanafunzi hawaji ofisini kwangu hata mlango ukiwa wazi kutwa nzima, nilichagua wanafunzi 12 wa kidato cha pili na cha tatu, wale ambao wenzao huwaendea wenyewe wakiwa na shida, nikaanza kukutana nao kila Alhamisi baada ya vipindi. Niliwafundisha kusikiliza bila kukatiza, kutambua dalili za sonona, yaani huzuni nzito inayodumu, na za wasiwasi uliopita kiasi, kutunza siri, na mambo ya kujitunza wenyewe: usingizi, chakula, kutembea, kupumua taratibu moyo unapokwenda mbio. Matunda yalionekana mapema. Katika muhula mmoja wanafunzi sita waliletwa kwangu na wenzao, na watatu kati yao nisingewajua kabisa, kwa kuwa walikuwa watulivu, wenye alama nzuri, wasiomsumbua mwalimu yeyote.

Mwezi uliopita mmoja wa wale 12, binti wa kidato cha tatu, alianza kusinzia darasani na kuacha kula wakati wa mapumziko. Nikamwita. Alikaa kimya muda mrefu akikunja na kukunjua ncha ya ushungi wake, kisha akanieleza kwamba wiki tatu nyuma rafiki yake alimwambia hataki tena kuishi, akamwapisha asimwambie mtu. Kwa wiki zote tatu binti huyu alikuwa akiamka usiku, anachukua simu ya mama yake kimyakimya, anamtumia rafiki yake ujumbe, kisha anakaa macho mpaka ajibiwe. Nilipomuuliza kwa nini hakuja kwangu, aliniambia: “Mwalimu, si ulisema siri ya mtu ni amana?”

Nilisema hivyo. Niliyaandika maneno hayo ubaoni kwa mkono wangu.

Rafiki yake sasa amepata msaada, familia yake inafahamu, na anahudhuria kliniki. Binti wangu naye amepumzika. Lakini mimi sijatulia, na naomba msaada wenu wa dhati. Je, niendelee na kundi hili? Kama niendelee, nifundishe nini tofauti, ili mtoto wa miaka 16 awe msaada kwa mwenzake bila kubebeshwa mzigo ambao hata mtu mzima ungemwelemea?

Muuguzi wa Afya ya Akili, Tanga

Mwalimu, pole, na hongera kwa kuligundua jambo hilo mapema. Ushauri wangu ni kwamba usilivunje kundi, kwa sababu ukilivunja wanafunzi hawataacha kuambiana. Wataendelea kuambiana bila mafunzo yoyote. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana mmoja kati ya saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Chukua darasa lako la wanafunzi 49, upige hesabu mwenyewe. Hao hawatafika ofisini kwako kwanza, watafika kwa rafiki.

Kilichokosekana katika mafunzo yako nakijua, kwa sababu hukosekana hata kwa wahudumu wa afya. Mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia ambao Shirika la Afya Duniani na washirika wake waliutoa mwaka 2011 umesimama juu ya mambo matatu: kuangalia, kusikiliza na kuunganisha. Watu wengi hufundisha sana la pili, wakagusa la kwanza, na la tatu likaachwa liwe sentensi moja mwishoni mwa somo: “tatizo likiwa kubwa mwambieni mwalimu.” Mtoto hajui kubwa ni lipi, wala hajui aseme nini pale rafiki yake anapomshika mkono na kumwapisha. Hiyo sehemu ya kuunganisha ndiyo inayohitaji mazoezi mengi kuliko zote.

Kwa hiyo ningeyafuta yale maneno ya ubaoni na kuandika mengine. Siri ya mtu ni amana, lakini amana nyingine huwekwa mahali pa usalama zaidi ya mfuko wa mtoto. Waambie wasikilizaji wako, na uwaambie wanafunzi wote mstarini wasikie, kwamba yapo mambo ambayo hayabaki kati ya wanafunzi wawili: mtu anapotaka kujidhuru, mtu anapodhuriwa na mwingine, iwe nyumbani, njiani au shuleni, na mtu anapokusudia kumdhuru mwingine. Jambo hili lisemwe kabla ya mazungumzo kuanza, si baada ya siri kutoka, maana likisemwa baadaye huonekana kama usaliti. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inampa kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa anapojua kwamba haki za mtoto zinavunjwa. Hatumfundishi mtoto umbea, tunamfundisha kuufikisha wajibu huo kwa mtu mzima mwenye uwezo wa kuutimiza.

Kisha wafanye mazoezi wawili wawili, kwa sauti, mpaka maneno yazoeleke mdomoni. Mimi huwafundisha hivi: “Nashukuru umeniambia. Nakuamini. Jambo hili ni kubwa kuliko mimi na wewe, na sitakuacha nalo peke yako. Twende kwa mwalimu, nitakaa nawe hapo hapo.” Rafiki akikataa, msikilizaji aseme: “Hata ukinikasirikia, nitakwenda, kwa sababu nataka uwepo.” Nimewaona vijana wakirudia sentensi hiyo ya mwisho mara nne, mara tano, kabla haijatoka bila kutetemeka. Wasiporudia darasani, siku ya siku haitatoka.

Ongeza na jambo moja ambalo wengi huliogopa. Kumuuliza mtu waziwazi kama anafikiria kujiua hakumpandikizii wazo hilo. Mara nyingi humpa nafuu ya kuona kwamba kuna mtu amethubutu kuuliza. Hata hivyo, kwa wanafunzi wako sitaki wawe wao wa kuuliza na kupima. Wakisikia maneno kama “mngepumzika nisingekuwepo” au wakaona mwenzao anagawa vitu vyake anavyovipenda, hayo yanatosha kumfuata mtu mzima siku hiyo hiyo. Ikiwa ni usiku au shule imefungwa, kuna simu ya huduma kwa mtoto, namba 116, ambayo hupigwa bila malipo. Namba hiyo waijue kwa kichwa, kama wanavyoijua namba ya mama.

Na lugha, Mwalimu. Umefundisha dalili za sonona, ni vizuri, lakini mwanafunzi hatakuja akisema “nina sonona”. Atasema kichwa kinamuuma, moyo unamwenda mbio, amechoka tu, ana mawazo. Wenzetu wa Zimbabwe wanalo neno la Kishona, kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi, na huduma ya kuwasikiliza wenye mawazo, iitwayo Benchi la Urafiki, iliyoanzishwa Harare mwaka 2006 na daktari Dixon Chibanda ilikua juu ya neno hilo la nyumbani. Sisi tunalo letu. Mtoto anayesema “nina mawazo” kila wiki ameshatoa taarifa kamili.

Bibi wa Chumbageni

Mwanangu Mwalimu, mimi ni mwanamke mzima, nimelea watoto saba na wajukuu juu yao, na nimewahi kukaa na mabinti kama somo yao, kwa desturi yetu ya pwani. Nimesoma maelezo ya muuguzi, nimeyakubali, nami naomba niongeze kutoka upande wangu.

Zamani binti alipovunja ungo, mama yake hakumfundisha mwenyewe. Alimtafutia somo, mwanamke mwenye haya zake na mdomo mzito, na yale ambayo binti hangeweza kumwambia mama yake alimwambia somo. Tazama vizuri lakini mpango ulivyokuwa. Somo hakuwa msichana wa rika lake. Mashoga, yaani wasichana marafiki wa rika moja, walicheka na kulia pamoja, lakini jambo zito lilipanda juu, halikuzunguka kati ya mashoga. Na somo naye hakuwa peke yake, kwa sababu alikuwa na wakubwa wake aliowaendea, tena aliweza kuingia nyumbani kwa mama wa binti akasema bila kusema, mama akaelewa.

Hicho ndicho ninachokiona kimepungua kwa wale watoto wako 12. Umewapa kazi ya shoga, ambayo wanaiweza, na kazi ya somo, ambayo si yao. Watafutie watu wazima wa kuwa somo zao. Katika shule yako hawakosekani walimu wawili watatu ambao watoto huwakimbilia, na katika mtaa wako wapo wanawake na wanaume wenye busara. Kila mtoto anayesikiliza wengine awe na mtu mzima mmoja ambaye ni wake, anayemjua kwa jina, anayemuuliza kila wiki, “Wewe je, umelala?” Asimuulize habari za wengine kwanza. Aanze na yeye.

Matroni, Korogwe

Shikamoo Bibi. Nimeipenda sana sentensi yako ya mwisho, nami nitaichukua kwenda nayo bwenini.

Mwalimu, mimi ni mwalimu na matroni katika shule ya bweni ya wasichana, kwa hiyo usiku wa wanafunzi naujua. Nitasema jambo ambalo huenda likawakera baadhi ya wenzangu. Tunafundisha kujitunza mchana, na usiku tunawanyima wanafunzi nafasi ya kujitunza. Vijana wa umri wa miaka 13 hadi 18 wanahitaji kulala kwa muda wa saa nane mpaka kumi. Nilipoajiriwa, prepu, yaani kujisomea usiku, ilikuwa inaisha saa nne na nusu usiku, na wakati wa kambi ya kidato cha nne kengele ilikuwa inapigwa saa kumi alfajiri. Ukitoa muda wa kuoga na kupanga kitanda, mtoto alikuwa analala kwa muda wa saa tano au chini ya hapo, wiki baada ya wiki, kuelekea mtihani wa Novemba, halafu tunashangaa analia kwa sababu ya penseli iliyopotea. Hakuna somo la kupumua litakaloziba pengo hilo.

Niliomba kwa mkuu wa shule kwamba prepu iishe saa tatu na nusu na kengele isipigwe kabla ya saa kumi na moja na nusu. Ilichukua mihula miwili kukubaliwa. Sitadai kwamba matokeo ya mtihani yalipanda kwa sababu hiyo, kwani mambo mengi hubadilika kwa pamoja, ila najua kilichobadilika bwenini: ugomvi wa ndoo umepungua, na wale waliokuwa wakija kwangu kila usiku wakilalamikia tumbo sasa huja mara chache.

Jambo jingine ni mapepo, ambalo ninyi wa kutwa hamlioni sana. Mwaka fulani binti mmoja alianguka bwenini akipiga kelele, na kabla ya saa sita usiku walikuwa wameanguka tisa. Wazazi wakaja, wengine na maji ya kusomewa, wengine wakitaka kuwaondoa watoto. Simdharau mtu kwa imani yake, na mzazi akitaka mwanawe asomewe simzuii, maadamu mtoto anaonwa pia na mhudumu wa afya na hafungwi wala kupigwa. Lakini jambo lenyewe lina historia katika nchi yetu. Mwaka 1962, katika shule ya bweni ya wasichana ya Kashasha, karibu na Bukoba, wanafunzi 95 kati ya 159 walishikwa na vicheko na vilio visivyozuilika, na shule ikafungwa mwezi Machi. Madaktari walipowapima hawakukuta sumu wala maambukizi. Hofu ya mmoja ikapita kwa mwingine katika watoto waliokuwa wamebanwa na hawana pa kutolea.

Tangu usiku ule nimewafundisha wasikilizaji wangu kitu kidogo sana. Mwenzao akianza kutetemeka, mmoja akae naye sakafuni, wengine wote watoke nje waende kwenye mwembe, na yule aliyebaki asiseme maneno mengi. Apumue yeye kwanza, kwa sauti inayosikika: kuvuta pumzi kwa hesabu ya nne, kuitoa kwa hesabu ya sita. Kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko kuivuta hupunguza mwendo wa moyo, na mwenzake humfuata bila kuambiwa. Nimemwona msichana wa kidato cha kwanza aliyekuwa amekaza vidole vyeupe kwenye chuma cha kitanda akaachia kidole kimoja kimoja kwa namna hiyo, na muda wote yule mwenzake hakusema neno. Baadaye huyo msaidizi alikuja kwangu, akakaa, akalia, nikampa chai. Hiyo chai ni sehemu ya mafunzo.

Mzazi, Makorora

Samahani, mimi sipingi, lakini nina wasiwasi wa mzazi. Mwanangu yuko kidato cha pili. Ikiwa mwenzake anaweza kumweleza mambo ya kufa, mimi mzazi nisijue kwamba mwanangu amepewa kazi hiyo, ni haki kweli? Na haya mambo yakizungumzwa sana, hayawezi kuwafanya watoto wajione wagonjwa?

Muuguzi wa Afya ya Akili, Tanga

Ndugu mzazi, swali la kwanza una haki nalo kabisa. Mtoto asiingizwe katika kundi kama hili kabla mzazi wake hajaelezwa ana kwa ana kazi yenyewe ni ipi, mipaka yake ni ipi, na kwamba anaweza kujitoa siku yoyote bila kuulizwa sababu. Mwalimu, kama hukufanya hivyo, fanya sasa.

La pili nalijibu kwa ninayoyaona kliniki. Wanaochelewa kuja si wale waliosikia mno kuhusu afya ya akili. Wanachelewa kwa sababu jambo hili wanalijua kwa jina moja tu, la kichaa. Hapa kwetu kuna hospitali ya Lutindi, juu katika milima ya Usambara upande wa Korogwe, ambayo imehudumia wagonjwa wa akili tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na wagonjwa wake hufanya kazi mashambani na katika karakana kama sehemu ya tiba. Ni mahali pa heshima. Lakini mtoto anayelijua jina hilo kama tusi la kutaniwa hatasema anaumwa mpaka azidiwe. Walimu wafundishe tofauti kati ya huzuni ya kawaida, ambayo hupita na haihitaji daktari, na hali inayodumu majuma mawili na zaidi, inayomwondolea mtoto usingizi, hamu ya chakula na raha ya mambo aliyokuwa akiyapenda. Mtoto anayeijua tofauti hiyo hajioni mgonjwa ovyo.

Niliyewahi Kuwa Msikilizaji

Shikamooni nyote. Mimi sasa niko chuoni, lakini nilipokuwa sekondari nilikuwa katika kundi la namna hii, na nataka kusema neno kwa niaba ya yule binti.

Hakuna aliyenilazimisha. Nilijisikia mtu wa maana, na ndiyo sababu sikusema nilipochoka. Nilikuwa natoka shuleni, naendesha baiskeli mpaka Pongwe, namsaidia mama kukanda unga wa maandazi ya kesho, na huku kichwani nina matatizo ya watu wanne. Tuliambiwa tujitunze, tulale mapema, tufanye mazoezi. Ushauri ulikuwa mzuri ila haukuwa na nafasi katika siku yangu. Kilichonisaidia ni mwalimu mmoja aliyekaa nami na kuniuliza siku yangu inakwendaje, saa kwa saa, tukaitafuta ndani yake nafasi iliyokuwapo tayari. Tuliipata kwenye baiskeli. Akaniambia kutoka lango la shule mpaka nyumbani nisifikirie habari ya mtu yeyote, nihesabu minazi, na nikijikuta nimerudi kwenye matatizo, nianze kuhesabu upya. Sikuwahi kufika mia moja, lakini nilikuwa nafika nyumbani nikiwa mwepesi.

Naomba pia wasikilizaji wawe na zamu na mapumziko. Muhula mmoja wanasikiliza, muhula unaofuata wanapumzika. Na mtahiniwa wa kidato cha nne aachwe kabisa.

Mwalimu wa Ngamiani

Shikamoo Bibi, na asanteni nyote. Nimesoma mara mbili, jana usiku na leo asubuhi.

Ndugu mzazi wa Makorora, nakiri kwamba wazazi niliwapelekea barua tu, na barua ile haikueleza mipaka yoyote. Jumamosi hii nimewaita wazazi wa wanafunzi wote 12. Nimezungumza na walimu wawili, mmoja wa hesabu na mmoja wa Kiswahili, ambao wamekubali kuwa watu wazima wa watoto hawa, sita kwa kila mmoja mpaka tupate wa tatu. Suala la zamu nalichukua kama lilivyoandikwa, na wa kidato cha tatu nitawaondoa mwezi Desemba, kabla hawajaingia cha nne.

Leo nimemwita yule binti, nikamwambia kwamba maneno niliyoyaandika ubaoni yalikuwa na upungufu, na kwamba yeye hakukosea popote kwa kuyafuata. Alinisikiliza akiwa amesimama. Nikamsomea sentensi za muuguzi, akaniomba nimwandikie kwenye daftari lake. Kisha akauliza kama anaweza kubadilisha mahali pamoja, kwa sababu “nataka uwepo” kwake lilisikika kama la mtu mzima. Akalikata kwa kalamu, akaandika juu yake: “nataka tumalize shule wote wawili.”

Alhamisi tutaanza mazoezi na sentensi hiyo.